Indianapolis 500: Mwenye Uwanja, Mwenye Kanuni na Mwenye Gari

Keshokutwa Jumapili, Mei 25, 2025, ikikaribia saa mbili kasorobo usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, magari 33 yatapangwa katika safu 11 za matatu-matatu mbele ya majukwaa ya uwanja wa Indianapolis, katika jimbo la Indiana, Marekani. Yatazunguka mara 200. Mzunguko mmoja ni maili mbili na nusu, yaani takribani kilomita nne, na jumla yake ni maili 500, zaidi ya kilomita 800. Mvua isiponyesha, shughuli itamalizika kwa muda wa saa tatu hivi. Haya ni mashindano ya 109 tangu yale ya mwaka 1911, na viti vyote vya majukwaani vimekwisha kuuzwa.

Nawajua wasomaji wangu. Wengi wenu mmezoea mbio za magari za vumbi na matope, za Safari Rally, ambako gari hupambana na barabara, kijito na punda aliyekatiza njia. Mtaniuliza: magari yanayozungukia mahali pamoja kwa saa tatu yana habari gani? Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2009, nilipokuwa nikisomea uzamivu katika mji wa Bloomington, kusini mwa Indianapolis, huku nikifundisha Kiswahili darasa la mwaka wa kwanza ili nipate ada. Jirani yangu, fundi magari mstaafu, alinichukua kwenda kuona. Uwanja wenyewe, ingawa huitwa wa duara, si duara. Ni mstatili ulioviringwa pembe zake nne, na barabara zake ndefu ni ndefu kiasi kwamba aliyeketi kona ya kwanza haioni kona ya tatu. Mzee yule alikuwa na daftari. Kila magari yalipopita aliandika namba kwa penseli, mstari baada ya mstari, wakati ubao mkubwa wa taa ulikuwa mbele yetu ukionyesha kila kitu. Nikamuuliza kwa nini anajitaabisha. Akanijibu kwamba baba yake alimfundisha kuhesabu mwenyewe.

Sikumwelewa siku ile. Nimemwelewa wiki hii.

Jumapili iliyopita, katika hatua ya mwisho ya michujo ya kugombea nafasi za mbele, wakaguzi walikuta kasoro katika magari mawili ya timu ya Penske: la Josef Newgarden, aliyeshinda mashindano haya mwaka 2023 na 2024, na la Will Power, aliyeshinda mwaka 2018. Sehemu ya nyuma ya gari, ile inayofyonza mshindo gari linapogonga ukuta, ilikuwa imezibwa mwanya wake na kulainishwa. Kanuni zinasema kipande hicho kitumike kama kilivyotoka kwa mtengenezaji, kisiguswe. Jumatatu adhabu zikatangazwa: magari yote mawili yaanzie mwisho, nafasi ya 32 na ya 33, faini ya dola 100,000 kwa kila gari, na wakuu wa mikakati wa magari hayo wafungiwe. Jumatano mwenye timu, Roger Penske, mzee wa miaka 88, akawafukuza kazi viongozi watatu wa timu yake: Tim Cindric, Ron Ruzewski na Kyle Moyer. Cindric alikuwa mkono wake wa kulia kwa zaidi ya miongo miwili.

Hadi hapo ungeweza kusema haki imetendeka, tena kwa kasi ambayo ofisi nyingi za umma zingeionea wivu. Tatizo linaanza unapouliza nani amemwadhibu nani. Roger Penske ni mmiliki wa timu ya Penske. Tangu Januari 2020 yeye pia ni mmiliki wa uwanja wa Indianapolis. Katika ununuzi huohuo alinunua IndyCar, chombo kinachotunga kanuni, kinachoajiri wakaguzi na kinachotoa adhabu. Ni mshirika katika kampuni ya Ilmor inayotengeneza injini za Chevrolet, ambazo karibu nusu ya wapinzani wake huzitegemea. Tangu Februari mwaka huu rais wa IndyCar na rais wa uwanja ni mtu mmoja, Doug Boles, na mwajiri wake ni huyohuyo Penske. Wazee wetu walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Hapa nyani na ngedere wamelala nyumba moja, na hata mahakama ni ya baba mwenye nyumba.

Sisemi kwamba Penske aliagiza magari yake yachezewe. Hakuna ushahidi wa hilo, na asiye na ushahidi afunge mdomo. Ninachosema ni kwamba katika mpangilio huu hata ukweli hauna pa kusimama. Adhabu ikiwa nyepesi, watu watasema bwana amejihurumia. Ikiwa nzito, watasema anajisafisha. Na gari la Newgarden likipita salama katika ukaguzi wa Jumapili na kushinda, hakuna hati itakayoweza kumshawishi mtu wa timu nyingine kwamba lilipita kwa haki.

Suala la nani anahesabu ni la zamani kuliko Penske. Uwanja ulijengwa mwaka 1909 na wafanyabiashara wanne wakiongozwa na Carl Fisher, aliyetajirika kwa kuuza taa za gesi za magari. Barabara ya kwanza ilikuwa ya kokoto na lami, na katika mashindano ya magari ya Agosti mwaka huo ilibomoka vibaya sana. Dereva, mafundi na watazamaji wakapoteza maisha katika siku chache. Fisher na wenzake wakaing'oa na kuweka matofali milioni 3.2. Leo limebaki tofali la ukumbusho tu, mstari mmoja wenye upana wa yadi moja pale pa kumalizia, ambapo washindi hupiga magoti na kuubusu.

Mei 30, 1911 yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500, magari 40. Ray Harroun alishinda akiwa na gari la manjano aina ya Marmon, peke yake, bila fundi wa kumwangalizia nyuma kama wenzake. Badala yake alifunga kioo cha kutazamia nyuma, na wapo wanaohesabu kioo hicho kuwa babu wa kioo kilichomo katika daladala unayopanda. Lakini katikati ya mbio ajali ilitokea karibu kabisa na jukwaa la waamuzi, na hesabu ya mizunguko ikavurugika. Matokeo yalipitiwa upya baadaye, Harroun akathibitishwa, na mpaka leo wapo wanahistoria wanaoamini aliyeshinda ni Ralph Mulford. Basi tangu siku ya kwanza kulikuwa na sababu ya kuja na daftari.

Mwamuzi wa zama hizo hakuwa Fisher. Alikuwa Chama cha Magari cha Marekani, AAA, kilichotoa leseni, kikasimamia kanuni na kuidhinisha matokeo. Chama hicho hakikuwa mali ya mwenye uwanja wala ya mwenye gari. Msomaji mwepesi angesema: hapo ndipo tulipopataka, turudi huko. Taratibu. AAA, iliyokuwa huru mbele ya wenye viwanja na wenye magari, haikuwa huru mbele ya chuki za zama zake. Haikutoa leseni kwa madereva weusi. Charlie Wiggins, fundi wa magari wa Indianapolis ambaye karakana yake ilisifika mjini, hakuruhusiwa kushindana katika uwanja uliokuwa pua na mdomo na nyumba yake. Ndiyo sababu mwaka 1924 yalianzishwa mashindano ya madereva weusi, ya Gold and Glory, katika kiwanja cha udongo cha maonyesho ya jimbo, mjini humohumo. Huo ulikuwa mwaka ambao Ku Klux Klan ilikuwa na nguvu kiasi cha kumpandisha gavana wa Indiana. Wiggins alishinda mara nne: 1926, 1931, 1932 na 1933. Mwaka 1936 alipata ajali katika mashindano hayohayo akapoteza mguu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934 aliingizwa katika uwanja mkubwa kwa jina la mfagiaji ili aweze kulitengeneza gari la Bill Cummings, aliyeshinda mwaka huo. Mtu mweusi wa kwanza kufuzu Indianapolis 500, Willy T. Ribbs, alifuzu mwaka 1991. Hesabuni wenyewe miaka kati ya 1911 na 1991.

Nimelikalia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wanaharakati wetu hupenda neno "huru" kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Tume huru, chombo huru, mwamuzi huru. Huru kutoka kwa nani? AAA ilikuwa huru kutoka kwa matajiri wa magari, lakini Wiggins hakuwa na mlango wa kubisha, wala karani aliyelazimika kumjibu kwa maandishi kwa nini leseni imekataliwa. Mwamuzi anayestahili jina hilo lazima aweze kushtakiwa na yule aliye dhaifu kuliko wote uwanjani.

AAA ilijiondoa katika mbio mwaka 1955. Mwaka huo Bill Vukovich, aliyeshinda 1953 na 1954, alikufa Indianapolis akiwa anaongoza, na siku chache baadaye watu zaidi ya 80 waliuawa na gari lililorukia jukwaa la watazamaji huko Le Mans, Ufaransa. Nafasi yake ikachukuliwa na chombo kipya, USAC, na miongo yake minne naiona kuwa ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa habari ya wiki hii, kwa sababu Penske mwenyewe yumo ndani yake, akiwa upande wa pili wa meza.

Mwaka 1979 wenye timu kadhaa, Penske akiwa mmoja wao, waliasi na kuanzisha umoja wao, CART. USAC ikakataa maombi ya timu sita kushiriki Indianapolis. Penske na wenzake wakaenda mahakamani, hakimu akaamuru waachwe washindane, na aliyeshinda mwaka huo akawa Rick Mears, dereva wa Penske. Mwaka 1981 Bobby Unser, naye wa Penske, alimaliza wa kwanza. Kesho yake asubuhi USAC ikatangaza kwamba aliyapita magari isivyo halali wakati wa bendera ya njano, ikamkata mzunguko mmoja na kumpa ushindi Mario Andretti. Penske akakata rufaa. Mnamo Oktoba, miezi minne na ushei baadaye, jopo la watu watatu lilipiga kura mbili kwa moja kumrudishia Unser ushindi, na faini ya dola 40,000 juu yake. Wengine waliicheka USAC kwa kuyumba. Mimi naona kitu kingine: mwenye gari alishindwa asubuhi, akashinda kwa rufaa, na mara zote mbili aliyetoa uamuzi hakuwa mtu wake.

Kisha ikaja 1994. Kanuni za USAC ziliziruhusu injini za muundo wa kizamani kuwa na ujazo mkubwa na msukumo wa hewa wa juu kuliko nyingine, kwa nia ya kuwasaidia watengenezaji wadogo. Penske, Ilmor na Mercedes wakatengeneza kwa siri injini mpya kabisa iliyoingia katika tundu hilo la kanuni, wakatawala mbio karibu zote, na Al Unser Mdogo akashinda. Ulikuwa ujanja halali. Waamuzi wakapunguza upendeleo ule, na mwaka 1995 magari ya Penske hayakufuzu hata moja. Wanafunzi wangu wa sera za umma huwa nawapa mfano huu: tajiri mwenye akili alisoma sheria kuliko mtunga sheria, na mtunga sheria, kwa kuwa hakuwa mtu wa tajiri, akairekebisha.

Mambo yalipinduka mwaka 1996. Tony George, ambaye familia yake iliununua uwanja mwaka 1945, alianzisha ligi yake mwenyewe na kuzitengea timu za ligi hiyo nafasi 25 kati ya 33. CART wakaenda Michigan kushindana siku ileile. Mwaka 1997 ligi ya George ikaiondoa USAC baada ya kuhesabu vibaya matokeo ya mashindano ya Texas, na kuanzia hapo mwenye uwanja akawa ndiye mwenye filimbi. Matunda yake yalionekana mwaka 2002. Katika mzunguko wa 199, Paul Tracy alimpita Hélio Castroneves wa Penske wakati taa za njano zikiwaka kwa ajali iliyotokea kwingine uwanjani. Nani alikuwa mbele taa zilipowaka? Ushindi ukapewa Castroneves. Timu ya Tracy, iliyotoka upande wa mahasimu wa CART, ikakata rufaa, na rufaa ikaamuliwa Julai 3 na Tony George mwenyewe: uamuzi wa bendera ya njano hauwezi kukatiwa rufaa. Huenda alikuwa sahihi. Nimeitazama picha ya video mara nyingi na sina uhakika. Lakini lililinganishe jopo la watu watatu la 1981 na mtu mmoja wa 2002.

Kwa hiyo Penske hakuuzua mfumo huu. Aliununua ukiwa umekwisha kuoza, na kwa haki ni lazima niseme kwamba ameutendea uwanja mema mengi. Majuma machache baada ya kuukabidhiwa, janga la korona lilifunga dunia, na mashindano ya 2020 yalifanyika Agosti bila mtazamaji hata mmoja. Mwingine angeuza vyuma. Yeye aliwekeza. Alipouchukua uwanja alitangaza pia kwamba hataketi tena kwenye jukwaa la mikakati la timu yake siku ya mbio. Alijua, basi, kwamba kuna tatizo. Alidhani tatizo ni kiti chake.

Mwaka jana lilidhihirika kwamba si kiti. Katika mashindano ya kwanza ya msimu, huko St. Petersburg, Florida, Machi 2024, Newgarden alishinda. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba programu ya magari ya Penske iliwaruhusu madereva kutumia kitufe cha kuongeza nguvu wakati ambapo kwa wengine hakifanyi kazi. Newgarden akanyang'anywa ushindi, akapewa Pato O'Ward wa Mexico. Cindric na Ruzewski wakafungiwa mashindano mawili, Indianapolis 500 ikiwamo. Na katika Indianapolis 500 hiyo Newgarden alishinda kwa kumpita mtu mmoja katika nusu ya pili ya mzunguko wa mwisho. Mtu huyo alikuwa Pato O'Ward.

Niruhusuni nitoke uwanjani kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika idara niliyokuwa nikifundisha, mpwa wangu alikuwa darasani kwangu. Nilipaswa kuomba mtihani wake usahihishwe na mwenzangu. Sikuomba. Nilijiambia kwamba najijua, kwamba nitamsahihisha kwa ukali kuliko wengine, na ndivyo nilivyofanya. Alipata A, na ilikuwa A ya halali; hata leo ningeitetea swali kwa swali. Wenzake walipojua undugu wetu hawakumlalamikia mkuu wa idara. Walinyamaza tu, wakawa wanatazamana kila anapojibu swali darasani. Alipohitimu aliniambia, "Mjomba, ile A uliyonipa sijawahi kuitumia." Niliudhika. Baadaye nilielewa kwamba ni mimi niliyemwibia. Uadilifu wangu, ambao niliutegemea kama shahidi, hakuna aliyeweza kuuona isipokuwa mimi.

Newgarden yuko mahali alipokuwa mpwa wangu. Huenda hakujua lolote kuhusu kipande kilicholainishwa. Dereva hapaki rangi gari lake. Huenda kulainisha huko hakukumwongezea hata nywele ya kasi, kama wanavyosema wanaomtetea. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inawaumiza wanaoitoa. Kama hakuna faida, kwa nini mtu aliyelipwa mshahara alikaa akakiziba kile kimwanya? Na kama kasoro ilikuwa ndogo na ya wazi hivyo, ni mkaguzi gani aliyeiona akasita, akikumbuka ni nani anayesaini hundi yake? Labda hakuna aliyesita. Swali lenyewe ndilo gharama.

Kwa walio katika utumishi wa umma, jambo hili si geni. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti yale yalilegezwa, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma inayotaka kiongozi atamke mali na maslahi yake. Kutoka kukataza tukahamia kutamka. Penske naye ametamka. Kila mtu anajua anamiliki nini. Kutamka hakukuzuia kitu.

Kinachotakiwa Indianapolis kinafahamika, na wiki hii kinasemwa hata na watu wa ndani ya mchezo: wakaguzi na waamuzi watolewe chini ya kampuni ya Penske, wawe na bajeti ambayo mwenye uwanja hawezi kuikata, na bodi ambayo wenye timu hawana kura ya kutosha kuiangusha. Mimi ningeongeza rufaa isikilizwe na watu wa nje kabisa, na hukumu ichapishwe na sababu zake, ili fundi wa timu ndogo isiyo na wakili aweze kuisoma na kuilinganisha na ya mwaka uliopita. Kufukuza watu watatu Jumatano ni hatua nzito, lakini ilitoka katika moyo wa mtu mmoja, na moyo wa mtu mmoja ungeweza kuamka Jumatano na wazo tofauti.

Sasa mbio zenyewe, maana nitazitazama. Mbele kabisa ataanza Robert Shwartzman, aliyezaliwa Tel Aviv na kukulia Urusi, mgeni kabisa Indianapolis, akiwa na timu ya PREMA ya Italia ambayo nayo ni ngeni na haijawahi kushindana katika uwanja wa namna hii. Wastani wake wa mizunguko minne ulikuwa maili 232.790 kwa saa, karibu kilomita 375. Tangu Teo Fabi mwaka 1983 hakuna mgeni aliyefanya hivyo. Pembeni yake ni Mjapani Takuma Sato, mwenye umri wa miaka 48 na mshindi wa 2017 na 2020, kisha Pato O'Ward, ambaye sihitaji kueleza ana deni gani na mbio hizi. Mhispania Álex Palou ataanzia nafasi ya sita. Ameshinda mashindano manne kati ya matano ya msimu huu, lakini hajawahi kushinda katika uwanja wa duara. Castroneves, sasa ana miaka 50, anatafuta ushindi wa tano ambao hakuna aliyewahi kuupata. Kyle Larson akimaliza hapa atapanda ndege kwenda Charlotte kuendesha maili 600 nyingine jioni hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza mashindano haya yataendeshwa kwa injini zinazosaidiwa na umeme, na siku ikiwa ya baridi sijui tairi zitafanya nini katika mizunguko ya mwanzo.

Ningelazimishwa kuchagua, ningemchagua Palou. Moyo wangu uko kwa O'Ward.

Na huko nyuma kabisa, katika safu ya 11, atakuwepo Newgarden, akitafuta ushindi wa tatu mfululizo. Watano wamewahi kufika hapo alipo na wote wakashindwa: Wilbur Shaw, Mauri Rose, Vukovich, Al Unser na Castroneves. Wawili wa mwisho walimaliza wa pili, na kila mmoja wao alizuiwa na gari la Penske. Hakuna aliyewahi kushinda akianzia nyuma ya nafasi ya 28, na mmoja wa wawili walioshinda kutoka hapo ni Ray Harroun, siku ileile ya 1911 ambayo hesabu yake bado inabishaniwa.

Mshindi atapewa chupa ya maziwa, desturi iliyoanza na Louis Meyer, aliyekunywa maziwa mtindi baada ya kushinda mwaka 1936. Hapo wengi watazima televisheni wakalale, kwani Jumatatu ni kazi. Mimi nitabaki macho, nina daftari. Maziwa yakishanywewa, magari husukumwa hadi banda la ukaguzi, hupimwa na kufunguliwa, na matokeo rasmi hutoka baada ya hapo.